Utando Unaobadilishwa na Gesi Yake Wenyewe: Hewa Ukaa na Plastiki Nyembamba za Kutenganisha Gesi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, mafundi mliotoka viwandani na ninyi wanafunzi, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa saa moja, na nitaitumia kuzungumzia plastiki nyembamba kiasi kwamba unene wake hauonekani kwa hadubini ya shuleni. Ni nanomita 100 hivi. Unywele wa binadamu unaizidi unene mara mia kadhaa. Plastiki hiyo hufanya kazi kubwa: upande mmoja tunaleta mchanganyiko wa methani na hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ukiwa na shinikizo, hewa ukaa inapenya haraka kwenda upande wa pili, methani inachelewa na kubaki nyuma. Hakuna moto, hakuna kemikali ya kuchemshwa na kurudishwa, hakuna mnara mrefu. Naipenda teknolojia hii. Kwa sababu naipenda, nataka tuzungumze wazi juu ya jambo ambalo majedwali ya vitabu yanalipita haraka mno.

Majedwali yanauchukulia utando huu wa plastiki kama kitu kisichobadilika. Yanakupa namba moja ya jinsi methani inavyopenya, namba moja ya hewa ukaa, ugawanye, upate uwezo wa kuchagua, basi. Kwa naitrojeni au heli hesabu hiyo inatosha. Kwa hewa ukaa haitoshi, kwa kuwa gesi hii ikipita ndani ya plastiki inaibadilisha plastiki yenyewe. Na plastiki ikiwa nyembamba, inabadilika mapema zaidi, kwa kiasi kikubwa zaidi, na hairudi upesi katika hali iliyokuwa nayo. Viwandani tunatumia nyembamba. Maabara nyingi zinapima nene. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linatuhusu. Gesi yetu ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni methani karibu tupu, haina shida hii. Lakini tazameni Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Maji yake ya chini yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa, pamoja na kilomita za ujazo 60 za methani. Kituo cha KivuWatt kule Karongi kinazalisha megawati 26 za umeme kutokana na methani hiyo. Gesi inayopandishwa kutoka vilindini huwa na hewa ukaa nyingi kuliko methani, kwa hiyo ni lazima itenganishwe kabla ya kufika kwenye injini. Wao wanaiosha kwa maji. Hewa ukaa inayeyuka majini, methani inabaki juu, kwa sababu katika maji hewa ukaa huyeyuka zaidi ya mara 20 kuliko methani. Watu wa Goma wanaijua gesi hii kwa sura nyingine kabisa, ile ya mazuku, inayotuama mabondeni bila rangi na kuua mifugo, wakati mwingine na watu.

Ongezeni na gesi ya samadi na ya mabaki ya mashamba. Kule Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yameshatumika kuzalisha gesi ya kuendeshea mtambo wa umeme. Gesi ya aina hiyo, itoke kwenye mkonge au kwenye zizi la ng'ombe, huwa na methani asilimia 50 hadi 70 hivi, na karibu yote iliyobaki ni hewa ukaa. Ukitaka kuijaza kwenye mtungi wa gari ni lazima uisafishe. Ulaya mitambo mingi ya namna hiyo inatumia tando za plastiki. Muuzaji atakuja na kwetu, na atakuja na jedwali lake mkononi.

Sasa turudi kwenye lile neno la kuyeyuka. Mwaka 1829 mkemia Mskoti, Thomas Graham, aliweka kibofu cha nguruwe chenye unyevu, kilichojazwa gesi bila kujaa, ndani ya chombo cha hewa ukaa. Kibofu kilivimba mpaka kikakaribia kupasuka. Alieleza kwamba hewa ukaa iliyeyuka katika unyevu wa ngozi ya kibofu, ikavuka, kisha ikatoka upande wa ndani. Miaka miwili baadaye daktari mmoja wa Philadelphia, John Kearsley Mitchell, aliona mpira wa asili ukiipokea hewa ukaa vizuri kuliko gesi nyingine kadhaa alizozijaribu. Graham alilirudia suala hilo mwaka 1866 na kutoa maelezo tunayoyatumia hadi leo: gesi inayeyuka kwenye uso wa utando, inasafiri ndani yake, inatoka upande wa pili. Upenyezaji ni zao la mambo mawili, kiasi kinachoyeyuka na kasi ya kusafiri.

Hewa ukaa imejaliwa yote mawili. Ni rahisi kuwa kimiminika: ukiibana vya kutosha kwenye joto lolote lililo chini ya nyuzi 31 za Selsiasi, inageuka kimiminika. Methani haifanyi hivyo mpaka uipoze chini ya nyuzi 82 hasi. Gesi inayokaribia kuwa kimiminika ndiyo inayopenda kuyeyuka ndani ya plastiki, kwa hiyo hewa ukaa inaingia kwa wingi. Pia molekuli yake ni nyembamba, upana wake kama nanomita 0.33, na ya methani ni 0.38. Tofauti ni nanomita 0.05 tu, na riziki ya teknolojia nzima imesimama juu ya tofauti hiyo.

Plastiki inawezaje kutambua tofauti ndogo kiasi hicho? Kwa ugumu wake. Tando bora za kazi hii ni plastiki zilizo katika hali ya kioo: selulosi asiteti, polisulfoni, poliimidi. Minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazounda plastiki, imeganda ovyo ndani yake, haikupata muda wa kujipanga wakati plastiki ilipopoa au kiyeyusho kilipokauka. Kati ya minyororo zimebaki nafasi ndogondogo. Mara kwa mara mnyororo unajongea kidogo, mwanya unafunguka, molekuli inaruka kutoka nafasi moja kwenda nyingine. Kwa kuwa minyororo ni migumu, mianya mingi inayofunguka inaitosha hewa ukaa, na ni michache inayoitosha methani.

Sasa mwaga hewa ukaa nyingi humo ndani. Mama anayesuka mkeka huloweka ukindu kwanza, kwa sababu ukindu mkavu unavunjika na ukindu uliolowa unapinda. Maji yameingia kati ya nyuzi na kuzipa nafasi ya kuteleza. Hewa ukaa inafanya hivyohivyo kwa polima: inaingia kati ya minyororo, inaisukuma, plastiki inavimba kidogo, minyororo inapata uhuru ambao haikuwa nao. Joto ambalo plastiki ingehitaji ili ilainike linashuka. Mianya inakuwa mipana na inafunguka mara nyingi zaidi. Gesi zote zinapita kwa kasi, lakini anayefaidika zaidi ni yule aliyekuwa anazuiwa, yaani methani. Utando unapitisha zaidi na unachagua vibaya zaidi. Tunaita hali hiyo kulainika kwa utando.

Ukichora mstari wa upenyezaji wa hewa ukaa dhidi ya shinikizo, kwa kipande kinene cha plastiki, utaona umbo ambalo mwanafunzi wa fani hii halisahau. Mwanzoni mstari unashuka, kwa kuwa zile nafasi zilizoganda zinajaa na gesi ya ziada haipati pa kukaa. Kisha unafika chini, unageuka, unapanda. Pale unapogeuka ndipo tunaposema utando umeanza kulainika. Kwa selulosi asiteti ni karibu na baa 10, yaani kama mara 10 ya shinikizo la kawaida la angani. Kwa poliimidi iitwayo Matrimid ni kati ya baa 10 na 20. Kwa polisulfoni ni zaidi ya baa 30. Kundi la Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, lilipima plastiki kadhaa za aina hii na kuchapisha matokeo mwaka 1999, nayo yana uzuri wake: shinikizo la kugeuka linatofautiana sana kati ya plastiki na plastiki, lakini kiasi cha hewa ukaa kilichomo ndani wakati wa kugeuka kinakaribiana. Kila sentimita moja ya ujazo ya plastiki inakuwa imemeza kati ya sentimita 30 na 45 za ujazo wa gesi hiyo, ikipimwa katika hali ya kawaida ya joto na shinikizo. Plastiki inayomeza haraka inafika mapema, inayomeza polepole inachelewa, na zote zinalainika kwenye kipimo kinachokaribiana.

Wengi wanaishia hapo. Wanasoma kwamba Matrimid inageuka kwenye baa 12 au 15, mtambo wao una hewa ukaa yenye baa 6, wanahitimisha kwamba wako salama.

Namba hizo zilipatikana kwenye vipande vyenye unene wa maikromita kadhaa, mara nyingi makumi ya maikromita. Kiwandani hakuna anayetumia unene huo, kwani gesi ingepita polepole mno na ungehitaji eneo la utando lisilolipika. Tangu Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walipotengeneza, pale Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1960, utando wa selulosi asiteti wenye ngozi nyembamba juu ya tabaka lenye vinyweleo, njia ndiyo hiyo. Wao walikusudia kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Watu wa gesi wakaichukua. Kampuni ya Monsanto ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1970 na nyuzi za polisulfoni zenye tundu ndani, zilizopakwa mpira wa silikoni kuziba matundu madogo kwenye ngozi, na biashara ya kutenganisha gesi kwa tando ikaanza kweli. Ngozi hiyo, inayofanya kazi yote, ndiyo ile ya nanomita 100.

Muda wa gesi kuenea ndani ya plastiki unakwenda kwa mraba wa unene. Ukipunguza unene mara 500, kutoka maikromita 50 hadi nanomita 100, muda unapungua mara 250,000. Kipande kinene kinachohitaji dakika nyingi kushiba, kikiwa chembamba kinashiba kabla hujapepesa jicho. Lakini kushiba ni mwanzo tu wa mambo. Baada ya hapo minyororo inaendelea kujongea kwa saa, siku, wiki, na katika tabaka jembamba mwendo huo ni tofauti na ule wa tabaka nene. Kundi lile la Twente lilionyesha mwaka 2001 kwamba tabaka jembamba la Matrimid linalainika haraka kuliko kipande kinene cha plastiki hiyohiyo. Mwaka 2011 Norman Horn na Donald Paul, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, waliweka nene na nyembamba bega kwa bega. Nyembamba ziliathirika zaidi katika kila shinikizo walilojaribu. Walipoziacha ndani ya hewa ukaa kwa muda mrefu bila kubadilisha shinikizo, upenyezaji ulipanda sana, ukafika kilele, kisha ukaanza kushuka na kuendelea kushuka.

Huko kushuka kunahitaji maelezo. Plastiki ya kioo haijatulia. Tangu siku ilipotengenezwa minyororo yake inajikaza polepole na zile nafasi wazi zinapotea. Tunasema inazeeka. Kipande kinene kinazeeka kwa miaka mingi, huwezi kuona kitu katika muhula mmoja. Tabaka la nanomita mia moja au mia mbili linazeeka mbele ya macho yako. Kwa hiyo ndani ya utando wa kiwandani kuna mambo mawili yanayovutana wakati mmoja: hewa ukaa inafungua, uzee unafunga. Ukipima asubuhi ya kwanza utapata jibu moja. Ukipima mwezi wa pili utapata jingine. Hakuna hata moja kati ya majibu hayo lililo la uongo, lakini mnunuzi akipewa moja tu bila kuambiwa umri wa utando, amedanganyika.

Na utando unatunza historia yake. Pandisha shinikizo la hewa ukaa hadi baa 30, kisha lishushe hadi 5. Upenyezaji utakaoupata kwenye baa 5 wakati wa kushuka uko juu ya ule ulioupata wakati wa kupanda. Minyororo iliyosukumwa haikurudi yote mahali pake. Vipande viwili vilivyokatwa kutoka karatasi moja, kimoja kikiwa kimeshapitia shinikizo kubwa na kingine hakijapitia, ni tando mbili tofauti. Nimesoma ripoti nyingi ambazo hazisemi sampuli ilipitia nini kabla ya kipimo. Inanisikitisha, kwa sababu anayesoma hawezi kurudia kazi hiyo, na kazi isiyorudiwa haimsaidii fundi.

Jambo jingine ni lile la kupima gesi moja moja. Ukipitisha methani peke yake, plastiki inabaki ngumu na methani inapata taabu. Ukipitisha hewa ukaa peke yake, unaona inavyopita kwa wingi. Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza unapata uwezo wa kuchagua unaopendeza machoni, ambao haujawahi kutokea katika mtambo wowote, maana katika mtambo methani inapita kwenye plastiki ambayo hewa ukaa imeshailainisha. Kwa haki niseme pia kwamba ndani ya mchanganyiko kuna jambo linalosaidia: hewa ukaa inaichukulia methani nafasi za kuyeyukia. Kwenye shinikizo dogo msaada huo huonekana. Kwenye shinikizo kubwa kulainika kunaumeza.

Selulosi asiteti ndiyo mfano mkubwa, plastiki inayotokana na pamba na miti, ileile ya vichungi vya sigara. Ilianza kazi kubwa Texas magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye visima vya mafuta vilivyokuwa vikisukumiwa hewa ukaa ardhini. Mwaka 1995 iliwekwa Qadirpur, Pakistani, kushusha hewa ukaa katika gesi asilia kutoka asilimia 6.5 hadi chini ya 2. Imefanya kazi kwa miongo, na naiheshimu. Lakini uwezo wa kuchagua wa plastiki hii, ukipimwa kwa gesi moja moja, unafika 30 hivi, na kazini, kwenye gesi halisi yenye shinikizo, wahandisi wanahesabu 12 hadi 15. Katika hali ileile ya shinikizo, maana yake ni kwamba kwa kila hewa ukaa inayoondolewa, methani inayovuka nayo ni maradufu au zaidi. Methani hiyo ni fedha. Ikiachiwa angani, kila kilo yake inapasha dunia joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Aliyejenga mtambo akitegemea 30 atajikuta anahitaji hatua ya pili ya utando na kompresa ambayo hakuipangia bajeti.

Tiba zipo. Waweza kuifunga minyororo pamoja kwa vifungo vya kemikali ili isisukumike. William Koros, aliyekuwa Austin kisha Georgia Tech, ametumia miaka mingi kutengeneza poliimidi za namna hiyo. Waweza pia kuipasha plastiki joto kali. Kila tiba ina gharama: upenyezaji unapungua, nyuzi zinakuwa rahisi kukatika, na joto linaloimarisha kipande kinene linaweza kuifanya ngozi nyembamba ijikaze, na vinyweleo vya tabaka la chini vijifunge. Kwa mara nyingine, kilichofaulu kwenye unene hakihamii chenyewe kwenye wembamba. Kwa moshi wa viwanda shida ni ndogo, kwa kuwa hewa ukaa yake ni asilimia 10 hadi 15 katika shinikizo la kawaida la angani, haitoshi kushibisha plastiki. Sitakawia hapo.

Nitakalo kwenu liko ndani ya uwezo wa vyuo vyetu. Kifaa cha kupimia upenyezaji ni vyumba viwili vya chuma, pampu ya kuondoa hewa, vipima shinikizo viwili vinavyoaminika, na sanduku la kushikilia joto lisibadilike. Fundi mzuri wa karakana anaweza kukiunga. Tabaka jembamba linatengenezwa kwa kudondosha polima iliyoyeyushwa juu ya kipande laini cha kioo kinachozungushwa kwa kasi. Ukikizamisha taratibu majini, tabaka linabanduka na kuelea, unalichota kwa fremu ya waya. Mikono ya kwanza italichana, ya baadaye italizoea. Linapakwa silikoni juu ili tundu dogo lisiharibu kipimo. Hewa ukaa tunayo: kule Rungwe inachimbwa kutoka ardhini na kuuzwa kwa mitungi, na Kenya vilevile.

Muuzaji akija, mwulizeni unene wa tabaka lililopimwa, umri wake siku ya kipimo, kama gesi ilikuwa mchanganyiko au moja moja, na shinikizo kubwa kuliko yote ambalo sampuli ile iliwahi kupitia. Akikosa jibu, mwombeni kipande, mkiweke ndani ya mchanganyiko wenu wenyewe, wa mkonge au wa Kivu, na mkiache humo muhula mzima, mkiandika namba kila wiki. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, kazi hiyo ni yenu, na mwalimu wenu wa karakana ameshakubali kuanza na vile vyumba viwili vya chuma.